Mikono kwenye Rafu ya Amito

Jumanne hiyo foleni ilikuwa ya wanawake kumi na mmoja, na Amito alikuwa bado hajawasha mkaa. Aliwaambia wasubiri nje, wasikanyage springi za lori alizopanga mlangoni, na ambaye hajanawa arudi bombani. Karakana yake ya visu ni chumba kimoja cha mabati chini ya nyumba za reli, Nsambya, Kampala. Rafu ya mikono ya udongo iko ukuta wa ndani kabisa, mbali na cheche. Akafagia, akawasha mkaa, akafungulia feni, ndipo akawaita. Kila mtu dakika moja. Akeyo, Mkenya anayeuza mitumba pale getini, alikuwa na tabia ya kuiba dakika tatu, na wenzake walikuwa wamemchoka.

Akeyo ndiye aliyeingia wa kwanza. Akachukua mkono wa mumewe Khisa, akaingiza vidole vyake kwenye alama za vidole vya Khisa, na udongo ukambana.

"Yupo," akasema. "Leo anabana vibaya. Sijui wamemnyima chakula."

"Dakika imeisha," Amito akasema.

Wa tano alikuwa Lakica, mke wa Jasper. Alivaa kitenge kilekile anachovaa akija, kwa sababu alitaka Jasper amkute nadhifu. Akaingiza vidole. Mkono haukubana. Akangoja dakika yake, akaachiwa na ya pili bila kuomba. Kisha udongo ule, uliokuwa umekauka miezi minane, ukawa laini. Alama za vidole zikajaa moja baada ya nyingine, na kiganjani mwake likabaki bonge tu, kama unga wa chapati kabla haujasukumwa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Amito alijua kwa sababu alikuwa na chuma motoni na anakihesabia muda.

Mwanamke wa sita alisema atarudi kesho.

Visu vya Amito inabidi vielezwe, la sivyo mtu atasema ni uchawi. Si uchawi. Ni vipimo.

Miaka tisa iliyopita mume wake, Oola, aliajiriwa na kampuni moja ya ulinzi kwenda kulinda magogo kwenye msitu ng'ambo ya mpaka wa magharibi. Kampuni ilimpa rungu, filimbi na koti la mvua. Kisu alijinunulia mwenyewe sokoni, kile cha kung'aa, rahisi, chenye picha ya chui. Mwezi wa tatu lori la magogo likapinduka mtoni, na Oola akanaswa chini ya kamba za turubai. Kamba ya kwanza aliikata. Ya pili aliikata. Kwenye ya tatu kisu kikavunjika shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, na ndani ya mpini chuma kilikuwa na urefu wa ukucha. Ukucha! Watu wazima waliketi kiwandani wakaamua kwamba urefu wa ukucha unatosha. Mwenzake aliyekuwa ukingoni aliona yote, na aliporudi Kampala alimletea Amito ule mpini, kwa sababu ndio ulioelea.

Kampuni yenyewe ilimwandikia Amito barua ya mistari minne kwamba Oola ametoroka kazini.

Mke wa mtoro hana haki ya chumba cha kampuni. Walimtolea vitu nje siku ya mvua. Alipasua mawe Kireka miaka minne, akafua magwanda ya wanajeshi Mbuya miwili, akalala kwenye veranda za watu ambao zamani walimwita jirani. Wanawe wakaitwa watoto wa mtoro shuleni, mbele ya mwalimu. Mpini ule aliulalia chini ya kichwa. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Amito alikuwa akiona kisu chochote cha kung'aa, hata cha kukatia mkate, anatukana kwa sauti.

Mtu akipasua mawe miaka minne anajua chuma kipi kinadanganya. Alianza kuchora visu kwa mkaa juu ya mawe. Khaemba, fundi wa kuchomelea kutoka Kenya, aliziona zile picha akamwambia mchoro hauuzwi, aje ajifunze. Akajifunza. Kisu alichokitoa mwishowe ni kifupi, mgongo wake mnene, chuma kizima cha springi ya lori kutoka ncha hadi kitako cha mpini, na pale mwisho tundu la kupitisha kamba. Kinakata turubai iliyolowa. Kinapasua kuni, kinafungua kopo, kinachimba. Khaemba alikibana kwenye jiliwa akakipiga kwa nyundo mpaka akatoka jasho, na nyundo ndiyo iliyolegea mpini. Bei yake ni ya kuku mmoja. Watu wenye pesa walimwambia apandishe, akawaambia walinzi hawanunui sifa.

Mkono unakuja hapa. Kisu kizuri kikiteleza ni kisu kibaya, na msituni kila kitu kimelowa. Kwa hiyo kila mnunuzi anapewa bonge la udongo wa bondeni, analikamata kwa nguvu zake zote, linaachwa likauke, na Amito anachonga mpini wa mvule kwa kulifuata. Bonge linabaki rafuni na jina lake, ili akihitaji kingine asisumbuliwe. Walinzi wa kampuni ile ndio walionunua zaidi. Amito aliwauzia wote. Hakuwauzia kwa kuipenda kampuni.

Siku moja Akeyo alikuja kulalamika kuhusu moshi, akawa ameshika bonge la Khisa huku anasema, na bonge likambana. Amito alimwambia labda halijakauka vizuri. Kesho yake akaja mwingine, naye akabanwa. Msituni hakuna mtandao, na kampuni inawaruhusu wanaume simu moja kwa mwezi, dakika mbili, msimamizi akiwa amesimama hapo. Kwa hiyo wake zao walizoea haraka: mkono ukibana, mume yupo hai. Kilichowasumbua ni foleni.

Siku ileile mkono wa Jasper ulipoachia, Amito alifunga karakana, akafuatana na Lakica kwenda ofisi ya kampuni, Ntinda, juu ya duka la magodoro. Walingoja saa mbili chini ya cheti kilichowekwa kwenye fremu ya dhahabu. Kiliandikwa: Miaka Kumi na Miwili Bila Kifo Kazini. Wenye msitu, huko waliko, wanakipenda sana cheti hicho. Ndicho kinacholeta mikataba.

Mkuu wa walinzi alikuwa Afande Olal, kapteni mstaafu, mtu wa kaskazini kama wao, mpole wa sauti. Ndiye aliyeweka saini kwenye barua ya Oola. Hakumkumbuka Amito. Amito alimkumbuka mpaka harufu ya sabuni yake.

"Binti yangu," Olal alimwambia Lakica, "nimepata habari asubuhi hii. Jasper ametoroka. Hawa vijana wanasikia kuna dhahabu ng'ambo, wanakwenda."

"Jasper amekufa," Lakica akasema. "Leo, saa ine na dakika kumi."

"Nani amekuambia?"

Lakica akaweka bonge mezani. Olal akalibonyeza kwa kitako cha kalamu. Hakushangaa, alikaa jeshini miaka ishirini, na huko mtu anaona mengi.

"Afande, sisi tunataka vitu mbili tu," Lakica akasema. "Muandike kwamba amekufa. Na mutuletee mwili. Kwetu mutu analala uani kwa baba yake. Hawezi kubaki kwa msitu ya watu."

"Kampuni haina wafu, binti yangu. Soma pale ukutani."

"Hata mume wangu hakuwa kwenye wafu wenu," Amito akasema.

Olal alimtazama kidogo, akarudi kwenye bonge. "Hii ni kazi yako, mama? Na wale wengine wote, unao mikono yao?"

"Walionunua kwangu, wote."

"Kwa hiyo mtu akitoka kazini, wewe unajua siku hiyohiyo. Saa hiyohiyo."

"Akifa."

"Akitoka," Olal akasema kwa upole, akawasindikiza hadi mlangoni.

Jumamosi alikuja karakana mwenyewe. Alinawa bila kuambiwa, akasimama mbele ya rafu mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride, akasifu usafi. Akasema naye anataka kisu, cha kwendea shamba. Amito akampa bonge. Olal akalikamata mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipofungua mkono, bonge lilikuwa kama lilivyokuwa. Amito akaongeza maji, akakanda upya, akampa tena. Ikawa vilevile, halina hata alama ya pete.

"Nitakuwekea mpini wa kawaida," Amito akamwambia. Akamwekea mnyoofu, kama wa ufagio, na Olal akasema unamtosha.

Kabla hajaondoka alisema atamleta karani wa kukaa pale kila asubuhi na daftari. Kila mkono ukiachia, aandike jina, siku na saa. Isiwe tena maneno ya barabarani.

Hapo ndipo Amito alipokosea, na nusu ya hasira yake mpaka leo ni ya hapo. Amelelewa kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari. Mtu wa laini, mtoto wa afande, mke wa afande, anaamini daftari kuliko macho yake. Kwenye laini, kisichoandikwa hakikutokea: viatu, homa, hata mtoto kuzaliwa. Kikishaandikwa, kimetokea, na mkubwa hawezi kukirudisha. Amito alifikiri kampuni imeshikwa. Alifikiri daftari likijaa, ukuta wa Ntinda utaona haya. Akamtafutia karani stuli yenye miguu minne mizima.

Karani aliitwa Dawudi, kijana wa heshima, daftari lake amelifunika kwa gazeti kama la mwanafunzi. Alinawa, alisalimia kila mtu, hakugusa kitu. Amito alimwanzishia kwa Jasper, akamtajia siku na dakika. Akanunua na saa ya ukutani, ili wasije wakasema dakika zilikuwa za kubahatisha. Katika wiki tano mikono mitatu mingine iliachia, na kila mara Amito aliacha chuma chake kipoe, akaenda kusimama karibu na Dawudi kuhakikisha ameandika sawasawa. Wanawake wenyewe walikuwa wanalia na huku wanamtamkia majina kwa herufi. Lakica alikuja kila siku kuuliza kama limejaa.

Wiki ya sita Amito aliomba kuliona. Dawudi akampa bila wasiwasi.

Mwandiko ulikuwa mzuri. Jasper, namba yake ya kazi, Jumanne, saa 4:10 asubuhi, ametoroka. Wa pili, Alhamisi, saa 2:35 asubuhi, ametoroka. Wa tatu na wa nne, hivyohivyo. Amito akachana gazeti la juu. Chini yake jalada lilikuwa limepigwa chapa: Daftari la Watoro.

"Dawudi. Mimi nilikuambia wamekufa."

"Uliniambia, mama."

"Sasa hii ni nini?"

"Safu ya kufa haiko, mama." Akamwonyesha kwa kidole. Jina, namba, siku, saa, sababu. Chini ya sababu, kila mstari hadi ukurasa wa mwisho, neno moja lilikuwa limechapwa tayari. "Mimi najaza tu yale mengine."

Amito alikuwa na koleo mkononi, na kwenye koleo chuma chekundu. Akakirudisha kwenye mkaa, maana anajijua. Zamani kampuni ilikuwa inasema Oola alitoroka mwezi fulani, hata tarehe haikuwepo. Uongo ule ulikuwa na matundu, mtu angeweza kuupigia kelele. Sasa walikuwa na dakika. Yeye ndiye aliyewapa dakika, na saa ya ukutani akawanunulia, mjinga mkubwa. Alimwambia Dawudi atoke na stuli aiache.

Dawudi alitoka. Kesho yake alikuja na stuli ya plastiki, akaketi ng'ambo ya barabara, pale wanapoegesha bodaboda. Hakuhitaji kuona rafu. Aliwatazama wanawake wakitoka. Anayetoka anatafuna pipi anamwacha apite. Anayetoka analia anamwamkia vizuri, anamuuliza jina la mume, anatazama simu yake, anaandika. Hata shikamoo hakuacha kutoa.

Basi wanawake wakajifunza. Wakawa wanatoka wanacheka, wanagombana kuhusu bei ya unga wa posho, wanapita mbele ya Dawudi, wanateremka hadi kwenye reli, na kule ndiko wanakolia. Treni ya mizigo ikipita wanalia kwa sauti. Mnyonge hana silaha nyingi. Daftari likakaa miezi minne bila mstari mpya, ingawa mikono iliyoachia ilikuwa imefika tisa. Na huko Ntinda, mwaka ulipogeuka, walitundika cheti kipya: Miaka Kumi na Mitatu Bila Kifo Kazini. Cha zamani walikihamishia chumba cha kungojea.

Lakica alipata barua yake mwezi huohuo. Mistari minne, maneno yaleyale, saini ileile. Chini yake kulikuwa na mstari wa tano, ambao enzi za Oola haukuwepo: arudishe yunifomu ya akiba ya mtoro, pamoja na mkanda na kofia, katika siku kumi na nne. Vinginevyo ataitwa mwizi.

Khaemba alishauri wazike lile bonge. Wengine walishafanya hivyo, walipeleka la kwao kaskazini kwenye basi, limefungwa kwenye shuka nyeupe, na wazee wakalipokea.

"Sitazika udongo," Lakica akasema. "Nitazika mutu."

Akaipiga yunifomu pasi. Akapunguza suruali kiunoni, akavuta mkanda hadi tundu la mwisho, akaenda Ntinda kuirudisha, akiwa ndani yake. Olal alikuwa na upungufu wa walinzi, na sababu ya upungufu haikuandikwa popote. Alimuuliza kama ataweza msitu. Akasema ataweza. Alimwandikisha siku hiyohiyo, akampa rungu, filimbi na koti la mvua. Kwenye koti, upande wa ndani wa kola, mtu wa kabla yake alikuwa ameandika jina lake kwa bairo, na mwingine akalikata akaandika la kwake, na mwingine tena.

Jioni alikuja karakana.

"Mego," alimwita Amito, kama Waacholi wanavyomwita mama, "nichongee."

Amito hakumwambia asiende. Naye angekwenda, miaka tisa iliyopita, kama angekuwa na akili hiyo. Alikanda udongo muda mrefu kuliko kawaida, akatoa kila kijiwe.

"Kamata."

Lakica akakamata.

"Kamata vizuri. Kama mutu anataka kukuvuta na wewe hutaki kwenda."

Udongo ukapita katikati ya vidole. Amito akaupokea kwa mikono miwili, akauweka rafuni, pale mwanzo, ambapo miaka yote aliacha nafasi tupu na alikuwa akisema ni kwa ajili ya taa.

Alifanya kile kisu siku tatu. Alichagua springi ya lori kuukuu la jeshi, chuma kilichobeba mizigo zaidi ya watu wazima wote wa Nsambya. Akakifua juu ya kipande cha reli, akakizima kwenye mafuta machafu ya injini, akakijaribu kwenye turubai iliyolowa, kamba tatu, halafu thelathini, halafu akaacha kuhesabu. Alipomkabidhi alifungua sanduku, akatoa mpini wa plastiki wenye picha ya chui iliyofutika.

"Hapo kwa mto, chini ya daraja la magogo, atakuwepo mutu mwingine," akasema. "Ana kisu haina mpini. Huyo ni wangu."

Lakica akautazama mpini, akaugeuza, akaurudisha. "Nimeuona," akasema. "Nitamjua."

Aliondoka Ijumaa kwenye lori la kampuni, na wengine kumi na tisa. Jumatatu wanawake walipofika, walimkuta Amito amesimama kwenye foleni ya karakana yake mwenyewe, wa sita, mikono imelowa kutoka bombani. Akeyo alimaliza dakika yake akatoka bila kuiba hata moja. Zamu ilipofika, Amito akaingiza vidole vyake vinene kwenye alama za vidole vyembamba vya Lakica. Alisimama hapo. Hakuna aliyemwambia dakika imeisha, kwa sababu kazi hiyo ni yake.

Mkono ukambana.

Akaurudisha rafuni, akatoka nje, akavuka barabara. Dawudi alisimama akamwamkia, kalamu tayari, akautazama uso wake. Uso wa Amito ulikuwa umelowa machozi mpaka kidevuni, wala hakuufuta.

"Pole, mama," Dawudi akasema. "Ni nani?"

"Lakica."

Dawudi akaandika jina. Akatazama simu yake, akaandika saa.

"Yupo," Amito akasema. "Andika kwamba yupo."

Dawudi alipitisha kidole kwenye kichwa cha ukurasa, safu moja baada ya nyingine, polepole, kwa sababu alitaka kusaidia. Akarudia tena kutoka mwanzo.

"Hiyo pia haiko," akasema.

Neno lile, ametoroka, lilikuwa limeshachapwa mwisho wa mstari, na jina lilikuwa limeshaandikwa. Amito akamtazama mpaka akafunga daftari. Kisha akavuka barabara kurudi, maana aliacha chuma motoni na foleni ilikuwa bado ndefu.